Toba za Alistidia

Dada yangu Alistidia alitubu dhambi ambayo hakuitenda, na mimi ndiye niliyeitafsiri kwa Kiingereza. Sikosi usingizi kwa ajili hiyo. Mkalimani ni mfereji. Maji yakipita machafu, kaangalieni chemchemi. Lakini watu wa kwetu wameisimulia habari hii kwa namna nyingi, wengine wakitia muujiza mahali pasipo na muujiza, kwa hiyo acheni niisimulie mimi niliyekuwa katikati.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika, nami nilikuwa nafundisha shule ya wasichana ya misheni mjini Bukoba. Dada alikuwa ameolewa upande wa Muleba na Buberwa, karani wa chama cha wakulima wa kahawa: mwanamume mpole, mwenye baiskeli, na mwenye kumwogopa mama yake. Mama huyo aliitwa Anatolia. Ukiingia kwake ulipiga magoti kwenye nyasi za sakafuni, ukasalimia, ukangoja kuitikiwa. Kama ana kinyongo na wewe, ungengoja mpaka miguu ife ganzi.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana, jina lake Kokuhirwa. Wakati huo alikuwa na umri wa kuanza shule, na hakuwa amesema neno hata moja. Hata "mama" hakuwa amesema.

Nitaeleza kosa letu kwanza, kabla sijafika kwenye makosa ya Wazungu, maana mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mzima. Hakatizi mazungumzo, haombi ombi mbele ya wageni. Kokuhirwa hakumtazama mtu yeyote usoni tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ukimwita, aliendelea na shughuli yake kimya. Ukimleta mbele ya wageni, aliangalia nyasi. Basi sifa zikaenea kibanja hadi kibanja: mwana wa Alistidia amelelewa! Anatolia alimpeleka kanisani amevaa gauni jeupe, akamweka benchi la mbele ili wanawake wengine waone mtoto mwenye adabu anavyokaa. Kwa miaka tulimsifia jambo ambalo lilipaswa kutushtua. Wenzake walipoanza kutumwa chumvi kwa jirani na kurudi na umbea wote wa huko, ndipo tulipotambua kwamba yule wetu hakuwa na adabu iliyozidi. Alikuwa mbali.

Siku hizi wataalamu wana neno, wanasema usonji. Sisi hatukuwa na neno.

Kitu alichokipenda Kokuhirwa ni mambo yafuatane. Kwa Anatolia mgeni akifika anasalimiwa, anapewa akamwani, yaani zile buni zetu za kutafuna, kisha ndiyo mazungumzo yanaanza. Mgeni akianza kuzungumza kabla ya kikapu cha akamwani kupita, mtoto alijiuma kifundo cha mkono na kupiga kelele mpaka kikapu kilipoletwa. Hakupenda kukumbatiwa pia. Ukimkumbatia alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Dada yangu, ambaye nyumbani kwetu ndiye aliyekuwa wa kukumbatia kila mtu mpaka tunamkimbia, alijifunza kukaa kando ya mwanawe bila kumgusa, bega karibu na bega. Ilimchukua muda mrefu na machozi mengi kujifunza hivyo.

Mahali ambapo mtoto alitulia kabisa ni kwenye ushirika wa walokole. Alistidia alikuwa ameokoka, na Anatolia pia, ingawa wokovu wa Anatolia haukuwahi kuugusa ulimi wake. Kila wiki ndugu walikutana kwa mzee Lameki. Kwa asiyejua, utaratibu wao ni huu: mtu anasimama, anakunja mikono kifuani, anatubu dhambi yake mbele ya wote, anakaa. Lameki anakohoa kidogo, anaanzisha wimbo wa kushukuru, wote wanaitikia. Anasimama mwingine. Kutubu, kukaa, kikohozi, wimbo. Mchana kutwa. Mimi nilisinzia, Mungu anisamehe, lakini Kokuhirwa alikaa miguuni kwa mama yake akiyumbayumba polepole, ametulia kuliko siku nyingine zote.

Tiba zilijaribiwa. Alikatwa kilimi, ikawa damu tu. Mganga wa Rubafu alikuja akachanja, akaondoka. Ndugu waliomba na kufunga. Mambo yaliposhindikana, Anatolia alianza wimbo wake mwingine: "Kwetu hakuna mabubu. Huyu katoka kwao mama yake." Akamwambia mwanawe mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye akili hamwagilii mgomba uliooza shina. Buberwa hakujibu. Dada akajua kwamba siku moja atajibu, na jibu litakuwa yeye kurudishwa kwetu, na mtoto kubaki kwa ukoo wake, mikononi mwa bibi huyo.

Ndipo alipokuja Daktari Halford.

Alikuwa Mwingereza, mwanamke wa makamo, mrefu, anayevaa viatu vya kiume. Alikuwa amefikia nyumba ya wageni ya misheni kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda Nairobi, alikotaka kufungua mahali pa kutibu watoto. Elimu yake ilikuwa ya kutibu roho kwa mazungumzo. Aliniambia kwamba mtu ana chumba cha chini moyoni mwake, na humo huficha mambo asiyotaka kuyajua mwenyewe, na mambo hayo ndiyo yanayomwumiza. Kazi ya daktari ni kumsaidia ashuke humo na taa. Nilimwambia nina mtoto wa dada yangu. Macho yake yaling'aa. Alisema watoto wa namna hiyo wamegunduliwa Ulaya na Amerika, na wakubwa wa elimu hiyo wanaandika juu yao.

Nikamwandikia Buberwa. Akasema sawa, maana Buberwa aliamini kwamba kitu kikisemwa kwa Kiingereza kimepimwa kwenye mizani. Dada na mtoto wakapanda lori la kahawa, wakaja kukaa kwangu Bukoba.

Sitamsema vibaya Daktari Halford kwa yale aliyofanya vizuri. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kukaa sakafuni na Kokuhirwa bila kumtaka kitu. Hakumwambia sema, hakumwambia nitazame. Alikaa tu na viatu vyake vile, saa nzima, na mtoto akazoea kuingia chumbani humo bila kulia. Alituambia pia kwamba mtoto asikatwe tena wala kuchanjwa. Kwa hayo namshukuru mpaka leo.

Taabu ilikuwa kwenye maana. Alikuwa na wanasesere: baba, mama, kaka, mbwa na mtoto mchanga. Kokuhirwa aliwapanga mstari, kila siku mstari uleule. Baba, mama, kaka, mbwa, mtoto mchanga.

"Umeona?" Daktari aliniambia kwa sauti ya chini. "Kati ya mama na mtoto ameweka mnyama anayeuma."

"Daktari, amewapanga kwa urefu," nikasema. "Mbwa ni mkubwa kuliko mtoto mchanga."

"Hivyo ndivyo inavyoonekana kwa juu."

Nimesomeshwa na wamisionari, najua lini Mzungu anauliza na lini anajibu.

Halafu ilikuwa zamu ya mama. Kwa mujibu wa elimu ile, mtoto hujifungia ndani kwa sababu alipokuja duniani alikuta baridi, na baridi hiyo hutoka kwa mama. Sasa mtazame dada yangu kwenye kiti cha misheni. Ameketi wima, mikono mapajani, macho chini, anajibu kwa maneno machache, kama mke aliyelelewa anavyokaa mbele ya mkubwa. Mtoto yuko kona nyingine na mama hamgusi. Kwa Anatolia mke kijana akimbembeleza mwanawe mbele ya wakwe aliitwa mwenye kujionyesha, na Daktari kwa dada alikuwa zaidi ya mkwe. Daktari aliyaona yote hayo, akayaita baridi.

"Mwambie aseme lolote linalomjia kichwani," aliniagiza siku ya kwanza. "Asichague."

Nikatafsiri. Dada akaniuliza kwa Kihaya kama mama huyu amesikia vibaya juu yake. "Anayesema kila linalomjia ni mlevi," akasema. "Mimi nimekosa nini?"

Nikamweleza Daktari kwamba dada anafikiri.

Wiki zikapita. Kila walipokutana swali lilikuwa lilelile, linazunguka na kurudi kama inzi kwenye ndizi mbivu.

"Ulipojua una mimba ulijisikiaje?"

"Nilifurahi, waitu," akajibu, akitia neno letu la heshima.

"Na chini ya furaha?"

Dada akanigeukia. "Chini ya furaha kuna nini, mdogo wangu?"

"Mwenyewe ndiye anayejua," nikamjibu.

Alianza kuwa mtu wa mawazo. Alipomenya ndizi jikoni kwangu kisu kilisimama mkononi. Alimpa Daktari dhambi zake za kweli moja baada ya nyingine: aliwahi kuchota chumvi ya mama mkwe bila ruhusa, aliwahi kumwonea wivu mke wa jirani aliyezaa watoto wanaosema. Daktari alisikiliza kwa adabu, kalamu yake imelala. Halafu akauliza tena juu ya mimba.

Basi siku moja, kabla hata hatujaulizwa, Alistidia akasimama. Akakunja mikono kifuani. Niliijua namna ile ya kusimama.

"Nasimama mbele za Mungu na mbele ya mama huyu," akasema. "Nilipopata mimba ya Kokuhirwa nilimchukia. Nilitamani asizaliwe. Hiyo ndiyo dhambi yangu."

Nilitafsiri. Sikuongeza wala kupunguza neno. Daktari Halford alishika mkono wa dada, na macho yake yalikuwa na maji. Sisemi alifurahi, alihuzunika kwa kweli. Dada akakaa. Akatazama huku na huku, kama mtu anayengoja kitu. Chumba kilikuwa kimya. Pale kona Kokuhirwa naye aliinua kichwa kutoka kwa wanasesere wake, akangoja. Kisha akaingiza kifundo cha mkono mdomoni na kupiga ukelele ambao ulileta wapishi wa misheni mbio mlangoni.

"Amesikia," Daktari akasema. "Mtoto amesikia lile ambalo mama yake alimficha."

Njiani tulipokuwa tunarudi nilimsimamisha dada kando ya barabara.

"Dada, ni kweli?"

"Si kweli."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Mtu haulizwi kila siku jambo ambalo halipo," akasema. "Nimempa dhambi zangu zote, hakuzitaka. Anaitaka hii. Unajua mwenyewe, ukitubu mzigo unatoka. Nikasema nikimpa ile anayoitafuta, mtoto atanena." Akageuka kutazama tulikotoka. "Lakini hakuimba. Mbona hakuimba?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki zote zile dada yangu alidhani yuko kwenye ushirika. Mtu anakuketisha, anakwambia toa lililo moyoni, usifiche, ukitoa utapona: mlokole wa Kihaya atafikiri nini kingine? Nilicheka pale barabarani, halafu nikaona aibu, kwa sababu yeye alikuwa analia.

Buberwa alipokuja mjini kwa shughuli za chama, Daktari alimwita akampa uamuzi wake. Mama alikuwa amekiri. Mtoto hawezi kupona kwenye mikono ileile iliyomgandisha. Yeye Daktari atamchukua Kokuhirwa akaishi naye Nairobi, mwaka mmoja, labda zaidi, bila gharama yoyote, na mama asimtembelee kwa kipindi hicho. Meli ya ziwani ingeondoka juma lililofuata. Buberwa alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Akamtazama mkewe namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu.

"Ulimchukia mwanangu?" akauliza kwa Kihaya.

Alistidia alimwangalia mtoto, si yeye.

Nilimfuata Daktari peke yangu jioni hiyo, hasira imenifika hapa. Nikamwambia wazi kwamba toba ile ni ya uongo, kwamba dada alimpenda mtoto tangu kabla hajazaliwa, nami nilikuwepo nikaona. Nikamweleza habari za walokole. Alinisikiliza vizuri, kwa upole, na huo upole ndio ulionikasirisha zaidi.

"Ukweli kama huo ni mzito kuubeba," akasema. "Nilitarajia angetaka kuurudisha."

"Kwa hiyo akisema alimchukia, alimchukia. Na akisema hakumchukia, alimchukia zaidi?"

Alifikiri. "Unasema kama mzaha, lakini uko karibu na ukweli."

"Mganga wa Rubafu alishindwa akasema nimeshindwa," nikamwambia. "Akaondoka na aibu yake. Wewe elimu yako ina mlango gani wa kutokea?"

Akawa mwekundu usoni, lakini hakunifukuza. Aliniambia nimechoka, nikapumzike.

Nikarudi nyumbani nikamwambia dada: kesho tunakwenda kwa mume wako, unakana. Alikataa. Nilishangaa mpaka nikakaa chini.

"Mdogo wangu, na kama ni kweli mzigo ulikuwa umeanza kutoka?" akasema. "Mtoto alilia siku ile, hajawahi kulia vile. Nikitangua toba, mbele za Mungu itakuwaje? Asiponena maisha yake yote, nitajua ni mimi niliyemfunga mdomo. Bora aende anene huko, hata kama hatanijua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi sikuwa mzazi. Nilikaa naye tu, bega kwa bega, kama alivyokuwa akikaa na mwanawe.

Tulirudi Muleba ili mtoto aagwe, na siku ya kumchukua ilipofika, Daktari alikuja na gari la misheni. Anatolia alikuwa ameita ushirika wote wafike kwake waombee safari, na nadhani alitaka pia watu waone gari. Nyumba ilijaa. Daktari alipewa kiti, mimi nikakaa mkekani kando yake nimtafsirie. Buberwa, ambaye hakuwa mlokole, alisimama nje mlangoni na kisanduku cha nguo za mtoto. Kokuhirwa alikaa miguuni kwa mama yake akiyumbayumba. Alikuwa amevaa lile gauni jeupe, limeshakuwa fupi.

Mambo yakaenda kwa utaratibu wake. Ndugu mmoja, Mwijage, akatubu kumtukana ng'ombe wa jirani. Lameki akakohoa, wakaimba. Mjane mmoja akatubu manung'uniko, kikohozi, wimbo. Anatolia akatubu kwa jumla, bila kutaja, kama kawaida yake, kikohozi, wimbo. Mtoto ametulia kabisa.

Kisha dada yangu akasimama na kukunja mikono.

"Ndugu, nina dhambi," akasema. "Nimesema uongo mbele za Mungu. Nilimwambia mama huyu mgeni kwamba nilimchukia Kokuhirwa tumboni. Sikumchukia. Nilimpenda. Nilimpenda siku nilipojua yupo, na nilipomwona, na alipokataa kunitazama. Simshiki kwa sababu anaumia nikimshika. Kila siku mikono yangu inamtaka na kila siku naikataza. Nilitubu dhambi ya uongo ili anene. Sasa nairudisha. Kama kwa ajili hiyo hatanena milele, asinene. Lakini asiende kule akifikiri mama yake hakumtaka."

Akakaa. Nilimtafsiria Daktari, na safari hii sikupeleka maneno tu. Niliyapeleka na machozi yangu yote.

Na Lameki hakukohoa.

Mzee wa watu alikuwa amekwama. Hii ilikuwa toba, au kutangua toba? Tena mwanamke amesema mbele ya mama mkwe wake, mbele ya watu wazima, kwamba anampenda mwanawe na mikono inamtaka. Kwetu mambo hayo hayasemwi. Utamshukuru Mungu kwa lipi hapo? Watu waliangalia nyasi. Anatolia alikaza midomo. Kimya kikawa kirefu mpaka kikaanza kuuma.

Kokuhirwa aliacha kuyumba. Akainua kichwa. Akangoja. Nikaona mkono wake unapanda kuelekea mdomoni, nikajua ukelele unakuja, nikajiandaa kuziba masikio.

Ukelele haukuja. Mtoto alisimama. Akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, kikohozi cha Lameki chenyewe, kisha akaanzisha wimbo. Hakuwa na maneno, midomo imefungwa, lakini sauti ilikuwa ileile ya Lameki, pale pale anapoanzia Lameki, hata ile sehemu ambayo mzee hupotea kidogo na kurudi, naye alipotea na kurudi. Aliimba peke yake ubeti mzima huku akiangalia ukuta. Ulipofika mahali pa kuitikia alinyamaza, akatungoja.

Tuliitikia. Hata mimi niliitikia, mimi ninayesinzia. Daktari Halford, ambaye hakujua wimbo, alifungua mdomo. Ni dada peke yake ambaye hakuimba. Alikuwa amekaa karibu na miguu ya mwanawe, mikono ameikunja kifuani kwa nguvu kama anaifunga kamba.

Wimbo ulipokwisha Kokuhirwa alikaa, akaendelea kuyumbayumba.

Kila mtu alijua kilichotokea, na kila mtu alijua chake. Walokole walisema Mungu amefungua kinywa cha bubu, na mpaka leo wapo wanaosema hivyo. Anatolia alisema: "Si nilisema huyu ana adabu? Alikuwa anangoja wakubwa waanze. Wakubwa wenyewe wakakaa kama magogo." Daktari alinishika mkono, macho yamelowa. "Umeona?" akasema. "Mama ameyeyuka, na mtoto amemjibu mara moja." Akaniomba nimwambie baba kwamba hakuna tena sababu ya kuwatenganisha, maana tiba imekwisha kuanza, na imeanza nyumbani.

Mimi nilikuwa na langu. Mtoto alipenda mambo yafuatane. Toba hufuatwa na wimbo. Siku ile Bukoba wimbo ulikosekana akapiga kelele. Siku hii ulikosekana, lakini kati ya watu walewale aliowazoea, akauleta mwenyewe. Hakuna aliyeyeyuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameganda. Ningeweza kumwambia Daktari hivyo. Sikumwambia. Kosa lake lilikuwa limetaka kumchukua mtoto, na sasa kosa lilelile lilikuwa linamrudisha. Nilimtafsiria Buberwa neno kwa neno.

Buberwa alikuwa amekwisha kuweka kisanduku chini. Aliingia, akapita katikati ya watu, akakaa kwenye nyasi upande wa pili wa mtoto, bila kumgusa. Anatolia alimkemea kwamba mwanamume hakai chini na wanawake. Nilimwona kwa mara ya kwanza akimjibu mama yake.

"Mama, waitu, niache," akasema.

Daktari alipanda meli peke yake. Aliniandikia mara mbili tatu akiuliza hali, nami nilimjibu kweli: mtoto hajanena. Hakunena. Nasema hivi kwa ajili ya wale wa muujiza. Kokuhirwa alikua, akawa mwanamke mzima, hodari wa kuchambua kahawa kuliko mtu yeyote Muleba, na hakusema neno hata moja.

Lakini jioni moja, si muda mrefu baada ya siku ile, nilikuwa kwao jikoni. Alistidia alikuwa anapika, mtoto amekaa karibu na moto. Matoke yalishika chini ya chungu. Dada aliangalia mlangoni kama mama mkwe yupo, akaona hayupo. Kisha akasimama, mwiko mkononi, akakunja mikono kifuani.

"Nasimama mbele za Mungu," akasema taratibu. "Nimeunguza matoke ya watu."

Akakaa. Kokuhirwa akainua kichwa, akakohoa, akaimba ubeti wake wote akiangalia moto. Akanyamaza, akangoja. Mama yake akamwitikia.

Kuanzia hapo ikawa kila jioni. Nimevunja kibuyu. Nimemsengenya mke wa Mwijage. Nimelala wakati wa sala. Siku ambazo hakuwa na dhambi alikwenda kuitafuta. Nimemwona kwa macho yangu akimwaga chumvi makusudi. Alifanya hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe, mpaka Anatolia akafa, mpaka Buberwa akafa, na usiku wa mwisho alipokuwa hawezi tena kusimama, alitubu amelala. Mchungaji aliyemzika alisema hajapata kuona mtu aliyetubu kiasi kile kwa dhambi ndogo vile. Akakaa. Tukangoja kidogo, na nyuma ya jeneza mtu akakohoa.